Kondensa ya bei nafuu kwa mwimbaji anayerekodi chumbani

"Habari za kazi, fundi. Ninaimba, na nimeanza kujirekodi mwenyewe chumbani. Nina kompyuta, kadi ndogo ya sauti yenye kitufe cha 48V, na maiki ya dainamiki niliyokuwa nikiitumia jukwaani. Kila ninayemuuliza ananiambia sauti ya studio haipatikani bila maiki ya kondensa. Nimetafuta, nikakuta kuna za bei ya chini kabisa, zenye kikapu kikubwa cha wavu na rangi ya dhahabu, zinakuja na stendi, sponji na kila kitu. Kisha kuna nyingine hazina mbwembwe yoyote, bei yake mara tano, na nyingine mara kumi. Rafiki yangu alinunua kondensa, lakini akirekodi unadhani yuko bafuni, na pikipiki zote za barabarani zinaingia. Chumba changu ni mita 3 kwa 3.5, sakafu ya vigae, dirisha linatazama barabara. Sina fedha za kukosea mara mbili. Ninunue ipi? Ya USB ni bora zaidi? Na hii dainamiki niiuze nijazie?"

Salama, na karibu. Umeuliza maswali matatu, lakini hofu naiona moja: utoe fedha, ufungue boksi, urekodi ubeti wa kwanza, kisha usikie bafu la rafiki yako. Kwa hiyo nitaanza na bafu lenyewe. Ukijua linatoka wapi, maiki itakuwa rahisi kuchagua, na huenda ukagundua kuwa si kitu cha kwanza unachopaswa kununua.

Watu husema kondensa "inavuta" sauti za mbali. Nimelisikia hili hata kwa waliokaa studio miaka mingi. Maiki haivuti kitu. Mawimbi ya sauti yanasafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde, yanaifikia, kiwambo chake kinatikisika, na umeme kidogo unatoka. Kondensa inatofautiana na dainamiki kwa kuwa inatoa umeme mwingi zaidi kwa mtikisiko uleule. Chukua Shure SM58, dainamiki ya jukwaani iliyoko sokoni tangu 1966: kwa shinikizo la paskali 1 inatoa takriban milivolti 1.85. Audio-Technica AT2020, mojawapo ya kondensa nafuu zinazojulikana sana, kwa shinikizo hilohilo inatoa takriban milivolti 14. Ni karibu mara nane. Ndiyo maana ukichomoa dainamiki ukachomeka kondensa bila kugusa geini, yaani kirekebishi cha kukuza sauti ya maiki kwenye kadi, chumba kizima kinakuja juu, na mtu anaapa kwamba maiki inasikia mpaka kwa jirani. Sasa shusha geini mpaka sauti yako isome palepale iliposoma kwa dainamiki. Pikipiki nayo imeshuka, kwa kiasi kilekile.

Basi bafu limetoka wapi? Limetoka kwenye sentimita. Jukwaani umezoea kuishika maiki karibu na midomo, tuseme sentimita 3. Kondensa tunaiimbia tukiwa tumesimama mbali nayo, sentimita 20, 25, wengine hata 40, kwa sababu ndivyo tulivyoona kwenye picha za studio. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja inashuka kama desibeli 6. Kutoka 3 hadi 6, kutoka 6 hadi 12, kutoka 12 hadi 24: umeongeza mara mbili, mara tatu mfululizo, na umepoteza desibeli 18. Mwangwi wa chumba haushuki hivyo, maana umeshaenea kila pembe na unakaribia kuwa sawa popote utakapoiweka maiki. Unapandisha geini kufidia zile 18, na mwangwi unapanda nazo, na pikipiki pia. Ukiirudisha dainamiki yako ukaiimbia kwa sentimita 24 utalisikia bafu lilelile, ila litakuwa limefifia juu kwa sababu dainamiki nyingi hazifiki mbali kwenye sauti nyembamba.

Hapo sijasema kondensa zote na dainamiki zote ni sawa. Kondensa inashika vizuri zaidi milio ya juu: pumzi, mate, mguso wa ulimi kwenye meno, na pia mlio mkali wa sauti inayorudi kutoka kwenye vigae. Inakuonyesha zaidi kilichopo. Kama kilichopo ni kizuri, utaipenda. Kama ni chumba kitupu chenye kuta nne ngumu, itakuonyesha kuta nne ngumu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata senti moja, fanya jaribio hili leo. Rekodi ubeti mmoja kwa dainamiki uliyonayo, midomo ikiwa sentimita 3 kutoka kwenye wavu. Kisha rekodi ubeti uleule kwa sentimita 20, ukiongeza geini. Zilinganishe sauti mbili hizo mpaka zisikike kwa ukubwa sawa, vaa hedifoni, funga macho. Kama ile ya sentimita 20 inavumilika, kondensa itakufaa kesho asubuhi. Kama inakukera, basi umeshajua fedha zako za kwanza ziende wapi. Ziende kwenye vitu vizito vya kitambaa.

Nitarudi chumbani. Kwanza niseme kidogo kuhusu chombo chenyewe, maana ile rangi ya dhahabu imewaponza wengi.

Ndani ya kondensa kuna kiwambo, na neno hili linafaa kuliko unavyodhani, kwa sababu ni kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma, ila hii ni plastiki ya unene wa mikroni chache iliyopakwa dhahabu kidogo sana ili ipitishe umeme. Nyuma yake, karibu mno bila kugusana, kuna bamba la chuma. Hivyo viwili pamoja ni kapasita. Sauti inapokisukuma kiwambo, nafasi kati yake na bamba inapungua na kuongezeka, na umeme uliohifadhiwa pale unabadilika kwa kufuata sauti. Wazo hili ni la zamani, E. C. Wente, mhandisi wa Marekani, alilibuni 1916. Kwa kuwa umeme unaotoka pale hauna nguvu ya kusafiri kwenye waya, maiki inahitaji sakiti ndogo ndani yake ya kuupokea na kuupa nguvu, na sakiti hiyo inahitaji kulishwa. Ndiyo kazi ya kitufe chako cha 48V, kinachopeleka umeme kwenye maiki kupitia waya uleule wa XLR, ule wa pini tatu, unaoleta sauti. Hakiongezi ubora wowote. Kuna wanaokiwasha kwa dainamiki wakitarajia sauti inenepe, haitanenepa.

Mwaka 1962, Gerhard Sessler na James West walitengeneza katika maabara za Bell aina ya kiwambo kinachobaki na chaji yake bila kulishwa, tunachokiita elektreti. Ubunifu huo ulizifanya maiki kuwa ndogo na nafuu mno, zikaingia kwenye vinasa sauti, simu na vifaa vya masikioni. Elektreti si tusi. AT2020 niliyoitaja ni ya jamii hiyo, na imerekodi sauti nyingi nzuri. Shida ni pale kidude kidogo cha elektreti, cha upana wa kucha, kinapofichwa ndani ya kikapu kikubwa ili kifanane na maiki ya studio. Hizo ndizo nyingi kati ya ulizoziona zikija na stendi na sponji na kila kitu. Dalili ya kwanza ni waya: upande mmoja una XLR, upande wa pili una pini ya milimita 3.5 ya kuchomeka kwenye tundu la maiki la kompyuta. Dalili ya pili utaipata kwa tochi. Mulika kupitia wavu. Katika kondensa ya kiwambo kipana utaona duara la sentimita 2.5 hivi, limesimama wima likitazama upande. AT2020 ina la milimita 16, dogo kiasi lakini bado linaonekana. Ukimulika ukaona kitu kama kichwa cha njugu kimekaa katikati ya uwanja mtupu, rudisha.

Kwa kawaida tunasema rahisi ghali, na kwa daraja hilo la chini kabisa ni kweli. Lakini usemi huo unawasukuma watu kuruka mpaka daraja la juu, na hapo nao wanapoteza fedha.

Kuna jambo moja ambalo mabango ya bei hayalisemi, na ndilo nililojifunza kwa kuumia. Kondensa nyingi nafuu za kiwambo kipana zimeiga umbo la kapsuli, yaani kiwambo pamoja na bamba lake, ya kampuni ya Kijerumani ya Neumann, iitwayo K67, iliyotengenezwa kwa ajili ya maiki ya U 67 mwaka 1960 na kuendelea katika familia ya U 87, iliyotoka 1967. Kapsuli ile kwa maumbile yake inanyanyua milio ya juu sana. Wajerumani walijua, wakaweka kwenye sakiti ya maiki njia ya kuishusha tena milio hiyo, na matokeo yakawa sauti iliyotulia. Waigaji wengi walichukua kapsuli wakaacha ile sehemu ya kushusha. Ndiyo asili ya ule ukali wa kondensa za bei ndogo: dukani unasikika kama "usafi", nyumbani baada ya nyimbo tatu unasikika kama mtu anakunja karatasi ya bati sikioni mwako.

Yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo. Sitataja mtengenezaji. Nilirekodi wimbo mzima kwa furaha, na kwenye kumiksi nikagundua kila "s" imekuwa mluzi. Nikashusha milio ya juu kwa ikwalaiza, mashairi yakapoteza uhai. Nikapandisha, mluzi ukarudi. Nilikaa nayo mwaka mzima nikidhani kosa ni la meno yangu.

Kiswahili hakitusamehi hapa. Hebu tazama tunavyosema: sasa, sisi, sote, siku zisizosahaulika, shusha, chozi, zamani. Mstari mmoja wa kwaya unaweza kuwa na "s" na "z" kumi. Kwa hiyo kabla ya kununua kondensa yoyote, nenda na mstari wako wa kujaribu. Mimi natumia "sisi sote tusisahau siku zile za masika", nauimba kwa sauti ya juu na kwa sauti ya chini. Kwa pumzi natumia "popote pale upepo unapopita". Mstari wa kwanza unafichua ukali, wa pili unafichua mipasuko ya "p". Kama muuzaji hakuruhusu kuimba, angalau akuruhusu kurudisha baada ya siku kadhaa.

Na sauti yako mwenyewe ina neno. Kama ni nzito na yenye kiza, maiki yenye mwinuko juu inaweza kukupendeza kuliko ya gharama iliyonyooka. Kama sauti yako ni nyembamba na kali, ikimbie. Hujaniambia uko upande gani, nami siwezi kukisia kwa maandishi.

Sasa namba za kwenye karatasi ya maelezo. Nyingi zipite. Inayokuhusu ni kelele ya ndani ya maiki, inayoandikwa kwa desibeli, kwa kawaida dB-A. Ndogo ni nzuri. AT2020 ina 20. Ndugu yake AT2035 ina 12, tena ina swichi ya kukata mngurumo ulio chini ya hezi 80 na nyingine ya kupunguza nguvu kwa desibeli 10. Rode NT1-A ina 5, na NT1 ya kizazi cha tano ina 4, miongoni mwa zilizo kimya kabisa sokoni kwa bei yoyote ile.

Ukiona hivyo utakimbilia ya 4. Ngoja kwanza. Chumba cha kulala usiku, feni imezimwa, hakuna anayeongea, kwa kawaida kina kelele ya desibeli 30 hivi. Chako kiko kando ya barabara. Kikifika 30 ni usiku wa manane. Maiki ya 20 iko chini ya hapo kwa desibeli 10 nzima, maana yake kelele yake inazama ndani ya kelele ya chumba kabla hujaisikia. Anayenunua ya 4 akairekodia kwenye chumba cha 35 amenunua ukimya ambao hana pa kuutumia. Ukimya huo unamfaa anayerekodi gitaa la taratibu au usomaji wa kunong'ona, katika chumba kilichotulia kweli. Mwimbaji anayetoa sauti kwa sentimita 15 yuko juu ya desibeli 75 bila kujikaza.

Kwa hiyo jibu langu, kwa chumba ulichonieleza: chukua ya daraja la kati, XLR, inayopokea sauti upande mmoja kwa umbo la moyo, yenye kelele ya ndani isiyozidi 20, kutoka kwa kampuni ambayo imetengeneza modeli hiyo kwa miaka na sauti zake unaweza kuzisikiliza kabla ya kununua. AT2020 inafika hapo. AT2035 ningeiongezea fedha kidogo bila kusita, hasa kwa ile swichi ya mngurumo, ukizingatia barabara yako. NT1 ningeipendekeza kama chumba kingekuwa kimya, na kati ya hizo Rode mbili, NT1-A ina ung'avu zaidi juu kuliko NT1. Zaidi ya daraja hilo, kila fedha unayoongeza inanunua tofauti ndogo ambayo vigae vyako vitaimeza yote. Kilichobaki kwenye bajeti kiende kwenye stendi nzito isiyoyumba, kichujio cha pumzi na mablanketi.

USB? Kama usingekuwa na kadi ya sauti, ningekuambia fikiria. Ni chombo kimoja, waya mmoja, hakuna la kuchanganya, na anayeanza na kompyuta tupu hufika haraka. Wewe kadi unayo. Ukinunua ya USB unainunua kadi ya pili iliyofungiwa ndani ya maiki, na ikiharibika sehemu moja vyote vimekwenda. Zipo zenye njia zote mbili, kama hiyo NT1 ya kizazi cha tano, lakini usiilipie USB ambayo hutaitumia.

Twende chumbani. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo sauti itakapopatikana.

Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kubandika sponji nyembamba ukutani nyuma ya maiki, kisha anashangaa mbona hakuna kilichobadilika. Maiki ya umbo la moyo haisikii vizuri nyuma yake. Inasikia mbele, na mbele yake uko wewe, na nyuma yako kuna ukuta. Sauti yako inazunguka chumba, inagonga ukuta ulio mgongoni kwako na kurudi moja kwa moja kwenye uso wa maiki. Kwa hiyo kitu kizito kikae mgongoni kwako. Godoro lililosimamishwa ni bora kuliko sponji zote za mapambo. Blanketi mbili nene zilizotundikwa kwa kona kama herufi V, wewe ukasimama ndani yake, zinafanya kazi nzuri. Chini weka zulia, usiimbe juu ya vigae vitupu hata siku moja.

Unene una sababu yake. Kitu cha kunyonya sauti kinafanya kazi vizuri unene wake unapokaribia robo ya urefu wa wimbi. Wimbi la hezi 1000 lina urefu wa sentimita 34, robo yake ni karibu 9. Wimbi la hezi 250, ambalo limo katikati kabisa ya sauti ya kuimba, robo yake ni sentimita 34. Sponji ya sentimita 2.5 inanyonya vimluzi tu, halafu inakuachia chumba kinachosikika kama umeimbia ndani ya debe. Ukiacha nafasi ya hewa kati ya blanketi na ukuta, sentimita 20 au zaidi, unapata faida ya unene bila kuununua. Na trei za mayai, tafadhali, zirudishe jikoni. Hazinyonyi kitu cha maana.

Usisimame katikati kabisa ya chumba wala kwenye kona. Katika chumba cha mita 3 kwa 3.5 kuna mawimbi yanayosimama, na mawili kati yao yanaangukia karibu hezi 98 na 114, mahali ambapo sauti nzito ya kiume inaimba. Utasikia noti moja inavimba na jirani yake inapotea. Sogea nusu mita, imba tena, sikiliza. Hakuna hesabu itakayoyashinda masikio yako hapo.

Kuhusu dirisha: simama ukilitazama, maiki ikiwa kati yako nalo, uso wake ukikutazama wewe. Hivyo mgongo wa maiki, upande wake kiziwi, unaelekea barabarani, na mgongoni kwako kuna godoro. Vuta pazia zito mbele ya kioo. Sitakudanganya, pikipiki haitapotea. Milio mizito inapenya ukuta na kuzunguka mpaka upande wa mbele. Ile swichi ya hezi 80 itasaidia, na saa utakayochagua kurekodi itasaidia zaidi.

Ukishapata maiki, uiimbie ubavuni. Nalisema kwa sababu nimeshuhudia zaidi ya mara moja mtu akiimbia kichwa cha kondensa kama vile ameshika ya jukwaani, na wiki nzima akalalamika kwamba amepigwa. Kondensa nyingi za kiwambo kipana zinapokea upande wenye nembo. Anza na sentimita 15, kichujio cha pumzi kikiwa katikati. Ukisogea karibu zaidi, besi inanenepa, ni tabia ya maiki za umbo la moyo. Itumie ukitaka sauti ya ukaribu, iepuke ukitaka uwazi. Kama "s" bado zinakata, igeuze maiki kidogo ili mdomo uelekee pembeni mwa kiwambo, isiwe katikati. Mara nyingi hilo linashinda programu yoyote. Rekodi kwa biti 24, vilele vya sauti viishie karibu na desibeli 10 au 12 chini ya mwisho wa kipimo. Hakuna zawadi ya kugusa nyekundu.

Chomeka waya kwanza, ndipo uwashe 48V. Zima kwanza, ndipo uchomoe. Usiipulize kuijaribu, mate yanaganda kwenye kiwambo. Hewa ya unyevunyevu ni adui wake: kondensa iliyolowa huanza kupasuka-pasuka kama mafuta ya moto. Ukimaliza, irudishe kwenye boksi na pakiti za silika. Ukinunua iliyotumika, washa, nyamaza dakika mbili, sikiliza kwa hedifoni. Ukisikia hiyo milipuko midogo, achana nayo.

Kuna mambo ambayo siwezi kukutatulia kwa maandishi. Ukigusa wavu wa maiki au kompyuta kwa midomo au vidole ukahisi kama unachomwa-chomwa, acha kurekodi papo hapo na umwite fundi umeme aangalie waya wa ardhi. Hilo si tatizo la maiki na linaweza kukudhuru. Mngurumo usioisha ambao unabadilika ukigusa chuma, vivyo hivyo. Kapsuli yenye uchafu usiifungue mwenyewe, kuna mafundi wa maiki, na kidole kimoja kinatosha kukitoboa kiwambo. Na kama umejaribu maiki mbili tofauti, chumba umekivalisha, na bado sauti yako hujaipenda, lipia saa moja ya studio ya kawaida na uende na dainamiki yako na kondensa yako. Mwombe fundi wa pale azisimike zote mbili pamoja na ya kwao, uimbe wimbo mmoja. Saa hiyo itakuambia kama tatizo ni maiki, chumba, au uimbaji, na anayekusikia ana kwa ana ataona hata namna unavyosimama.

Dainamiki usiiuze. Kwanza haitakupa fedha ya maana. Pili, kuna nyimbo za kupaza sauti ambazo itazishinda kondensa, na kuna usiku ambao barabara haitanyamaza, utaisogeza sentimita 3 kutoka midomoni, na itakupa rekodi safi wakati kondensa imelala kwenye boksi. Tena jaribio lile la ubeti mmoja kwa umbali wa aina mbili, unalihitaji kulifanya nayo.